Taa Nyekundu za Mzee Shekiondo

Hapo zamani, na msije mkadhani nasema zamani za masultani na majini, nasema zamani hizi za juzi, watu wana simu mkononi na magari yana namba za njano, paliondokea mzee mmoja mjini Tanga. Mzee huyo alikuwa kipofu, na alikuwa anatafuta taa.

Haya, chekeni. Barabara ya kumi na tano nzima ilicheka kabla yenu. "Kipofu na taa, wapi na wapi?" walisema, wakapigana viganja. Chekeni mmalize sasa hivi, maana huko mbele sitaki kumsikia mtu akicheka.

Jina lake Mzee Shekiondo. Ujanani alikuwa dereva wa mashindano ya magari, tena si wa kubahatisha. Alikuwa na Datsun ya milango miwili, rangi ya chungwa, pua ndefu, viti viko chini hata ukiingia unahisi umeketi barabarani. Aliachiwa na meneja wa shamba la mkonge aliyerudi kwao Ulaya. Alipanda nalo milima ya Usambara kwenye tope la masika, akashuka nalo, akapigiwa makofi. Kila kitu cha gari lile kilikuwa chake cha kiwandani: usukani wake, vitasa vyake, taa zake. Mtu akimwambia, "Mzee, si utie spea feki upunguze shida," wiki nzima hajibiwi salamu.

Mkewe alikuwa Bi Mwanjaa. Bi Mwanjaa hakupelekwa shule utotoni. Alijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, lile linaloitwa ngumbaru. Herufi zilimshinda, akazisamehe. Tarakimu alizipata zote, na alijivuna nazo kama mtu aliyefika chuo kikuu.

Siku hizo wezi wa taa walikuwa wameushika mji. Unaegesha gari, unaingia dukani kununua kiberiti, ukitoka gari limeng'olewa macho. Basi watu wakawa wanachora namba ya gari juu ya kila kioo na kila taa, ili mwizi apate tabu kuiuza. Mnaijua kazi hiyo, mpaka leo inafanywa. Shekiondo akanoa msumari, akainama nyuma ya gari lake. Bi Mwanjaa akamwambia, "Hebu nipe mimi. Kwani nimesoma bure?"

Akaketi juu ya kigoda, akachora. Mbili, saba, nne, tisa. Saba yake aliikata mkanda katikati kama alivyofundishwa. Nne yake ililala ubavu, haikusimama vizuri. Akachora taa ya nyuma ya kulia, akachora taa ya nyuma ya kushoto, jasho linamtiririka, kisha akasema, "Za mbele kesho, mkono umeniuma." Kesho yake hakuchora, wala kesho kutwa, na mume hakumkumbusha.

Daftari lake la ngumbaru lililiwa na mchwa. Kwa hiyo mwandiko wa Bi Mwanjaa ukabaki mahali pamoja tu duniani, nao ni kwenye taa mbili nyekundu za nyuma ya gari la mumewe. Mmesikia? Msinifanye nirudie.

Baadaye serikali ikabadilisha namba za magari yote. Datsun ikapewa namba mpya, vibao vya zamani vikang'olewa. Taa zikabaki na namba yao ya zamani, mwandiko ule ule.

Kisha Bi Mwanjaa akaugua. Mumewe akampakia kwenye Datsun, akamkimbiza hospitali, akakaa naye siku mbili. Siku ya pili mchana akamfumba macho kwa mkono wake. Alipotoka nje kwenda kutafuta watu wa kumsaidia, akakuta nyuma ya gari kuna matundu mawili na nyaya zinaning'inia. Siku moja, mke na taa. Alikaa chini pale pale penye vumbi, na watu walipita wakidhani analilia gari.

Ikapita miaka kumi na moja. Sukari ikamla Mzee Shekiondo macho yote mawili. Picha za mkewe zilikuwapo ukutani, lakini picha kwa kipofu ni karatasi tu. Binti yake, Zamda, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa akimpikia, akimwosha miguu, akimsomea majina ya dawa. Mara nyingi alimkuta baba yake uani, nyuma ya gari, ameingiza vidole kwenye matundu ya taa kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Zamda alikuwa anageuka, anarudi ndani, anakwenda kulilia jikoni.

Sikukuu moja ya Idi walikuwa watatu wamezunguka sinia: Mzee Shekiondo, Zamda, na Hatibu. Hatibu alikuwa mtoto wa dada yake Bi Mwanjaa, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, alikuwa mlevi akaacha, karudi msikitini. Mzee akaweka tonge chini.

"Zamda."

"Bee, baba."

"Macho yamekwisha, lakini vidole vyangu bado vinaona. Nataka niupapase mwandiko wa mama yako kabla sijafa. Taa nyingine sitaki, hata mkiniletea za dhahabu. Nataka zile zile. Atakayenirudishia taa zile, gari ni lake. Nimesema, na chakula cha Idi ndicho shahidi."

Zamda akasema, "Inshallah, baba." Moyoni alisema mengine, nami nitawaambia, maana sitaki mje mniambie nimemficha. Zamda alikuwa na miaka arobaini na miwili. Aliolewa, akaachika. Chumba walichokaa ni cha kupanga, na mwenye nyumba alikwisha sema wazi kwamba mzee akifariki, binti ahame na cherehani yake. Na kulikuwa na bwana mmoja wa Arusha, mpenda magari ya kale, aliyekwisha kuja mara mbili kuliangalia lile Datsun na kusema kwamba likipata taa zake halisi analichukua siku hiyo hiyo. Zamda alikuwa anampenda baba yake. Na alikuwa anaitaka nyumba. Yote mawili ni kweli, msichague moja.

Hatibu yeye akanawa mikono kabla hajashiba.

Siku ya tatu ya Idi, asubuhi, Hatibu akaja akasimama mbele ya cherehani ya Zamda.

"Dada, nina neno."

"Sema, mikono ndiyo inayofanya kazi, masikio yapo."

"Taa za baba mkubwa nilizichukua mimi."

Cherehani ikasimama.

"Baba mkubwa alikuwa ndani analia," Hatibu akasema. "Mimi nilikuwa nje. Nilikuwa nimetumwa kuleta uji. Nilikuwa na bisibisi mfukoni na kiu ya pombe, dada, basi."

"Uji wa nani, Hatibu?"

"Wa mama mkubwa."

"Aliunywa?"

"Ulipoa nikiwa nafungua skrubu."

Zamda aliitazama pasi ya mkaa pale mezani, akaona vizuri kabisa jinsi itakavyotua kwenye uso wa binamu yake. Hakuinyanyua. Hatibu akaendelea, machozi yanamtoka. "Kila siku nasikia baba mkubwa anamwombea dua atakayezileta. Watu wanaitikia amina. Mimi siwezi tena kuitikia. Nimekuja unipeleke kwake nimwambie."

"Thubutu!" Zamda akasema. "Unataka kumuua? Kwanza unionyeshe zilipo. Akishazishika, hapo utasema utakalo."

Maneno hayo yalikuwa na huruma ndani yake. Yalikuwa na hesabu pia. Zamda mwenyewe hakujua kipi kilikuwa kingi.

Wakaenda Korogwe kwa muuza vyuma chakavu aliyezinunua. Muuza vyuma akasema, "Zile nyekundu? Alizipenda mama mmoja wa Mombo, wa mgahawa." Wakaenda Mombo. Wakamkuta Mama Stumai, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki, na juu ya mlango wa jiko lake taa mbili zimepigiliwa misumari, zimeunganishwa na betri ya lori, nyaya ovyo, masizi na mafuta ya chapati yamegandamana juu yake hata wekundu hauonekani vizuri. Zamda akapanda juu ya kiti. Akapeleka kidole. Chini ya masizi akaikuta saba, na mkanda wake katikati. Akaikuta na nne, imelala ubavu. Alilia juu ya kile kiti mbele ya madereva wanaokula supu, na wala hakuona haya.

"Hizo siuzi," Mama Stumai akasema. "Hizo ndizo zinazoniitia wateja. Dereva akiziona zinawaka usiku kule mbali anajua kwa Stumai kuna chakula."

"Sinunui, mama. Niambie unachokitaka nikushonee."

Mama Stumai alitaka mengi. Alitaka mapazia ya madirisha sita, vitambaa vya meza zote, sare za wasichana wanne wa jikoni, na bango la kitambaa la kutundika barabarani. Zamda akapeleka cherehani yake Mombo, akashona siku kumi na moja, mgongo unamuuma hata usingizi haumpati, Hatibu huku nyuma akimwangalia mzee. Siku ya kumi na mbili akateremka na taa mbili ndani ya kanga, amezipakata kama mtoto mchanga.

Lakini taa zenyewe zilikuwa hoi. Moja ilikuwa na ufa. Mabati ya ndani yanayorudisha mwanga yalikuwa yameliwa na kutu, vikamatio vya balbu vimeoza, mpira wa kuzuia maji umekuwa unga. Kuna mtu mmoja tu Tanga wa kuzifufua: fundi Chambuso.

Chambuso alikuwa fundi umeme wa magari, na kazi alifundishwa na Mzee Shekiondo mwenyewe, wakati macho ya mzee yalikuwa yanaanza kufifia. Mzee alikuwa anasikiliza injini, anasema, na Chambuso anatenda. Lakini alipokuja kwa mzee, Bi Mwanjaa alikuwa amekwisha kufa, taa zimekwisha ibwa, na gari lina namba mpya. Mzee alimfundisha mengi. Habari za mwandiko wa mkewe hakuzitoa nje ya nyumba.

"Za gari la mzee?" Chambuso akauliza, akizigeuza mikononi.

"Za kufunga kwenye gari la baba, ndiyo."

"Umezitoa wapi?"

"We zitengeneze tu, kaka Chambuso. Nataka ziwe kama zimetoka kiwandani leo. Na iwe siri."

Neno likamfika Zamda ulimini. Namba usiiguse. Maneno mawili tu! Lakini akisema hivyo, Chambuso atauliza kwa nini. Akimwambia kwa nini, atajua ahadi ya mzee. Na akijua ahadi ya mzee, atasema aliyezirudisha ni yeye. Zamda akalimeza neno lake. Akajiambia, nitapita kesho nimwambie kijuujuu. Kesho yake baba aliamka na homa. Kesho kutwa wakaleta vitambaa vya sare za shule. Ndivyo siku zinavyokwenda, nanyi mnajua.

Chambuso alifunga kazi nyingine zote. Alikata mpira wa ndani wa tairi, akauchonga kwa wembe mpaka ukalingana na ukingo wa taa. Alikwangua kutu kwenye mabati, akayapeleka kupakwa kromu, hakuridhika, akayarudisha yapakwe tena. Vikamatio vya balbu alivichomoa kwenye Datsun nyingine iliyokufa kule Muheza, alikwenda mwenyewe na baiskeli. Ufa aliuziba kwa gundi kwa kutumia sindano, akishikilia pumzi. Kisha akaosha masizi kwa sabuni na maji ya vuguvugu, na namba ikajitokeza.

Mbili, saba, nne, tisa.

Chambuso akaitazama namba ya kwenye taa. Akakumbuka namba iliyoko kwenye gari la mzee. Hazilingani hata kidogo. Akashika kichwa. "Masikini Zamda," akasema. "Kauziwa taa za wizi." Na kila fundi taa wa mji huu anajua la kufanya kwa taa yenye namba ya mtu mwingine. "Mzee wangu aliibiwa," Chambuso akasema, "leo aonekane yeye ndiye mwenye mali ya wizi? Haiwezekani nikiwa hai."

Nyamazeni. Najua mnataka kupiga kelele. Mimi pia kila nikifika hapa nataka kupiga kelele.

Akachukua msasa wenye chembe kubwa, akasugua kwa maji. Akachukua msasa laini, akasugua kwa maji. Akachukua msasa laini kuliko ule, akasugua kwa maji. Mwisho akapaka dawa ya meno kwa kitambaa cha pamba, akazungusha, akazungusha. Msumari wa Bi Mwanjaa ulikuwa umezama, kwa hiyo kazi ile ilimchukua siku mbili nzima. Alipomaliza, vidole vilikuwa vimechubuka, na taa zilikuwa nzuri kuliko siku zilipotoka Ujapani.

Siku ya nane Zamda akaja. Chambuso akafunua kitambaa kwa madaha. "Tazama hiyo! Kuna mtu alikuwa amezichora-chora namba huku juu. Nimemwondoa. Hata kwa darubini humwoni."

Zamda akapitisha kidole. Akapitisha tena. Akakalia tairi lililokuwa pale. Chambuso akacheka, akidhani ni furaha. "Si nilikwambia? Lia tu, dada." Na Zamda, jamani, akasema, "Asante, kaka."

Aliporudi nyumbani akafanya jambo ambalo sitawaficha. Alichukua msumari. Aliweka moja ya zile taa mapajani, nyuma ya mlango, akataka kuiandika upya namba ya mama yake. Mbili akaiona kichwani, saba akaiona na mkanda wake. Alipofika kwenye nne mkono ukasita. Nne ya mama ililala ubavu wa kulia au wa kushoto? Aliigusa mara moja tu, kule Mombo, kupitia masizi, huku analia. Hakukumbuka. Akautupa msumari dirishani kabla ncha haijagusa. Akajituliza kwa uongo: vidole vya baba vimekufa ganzi kwa sukari, labda hatajua.

Jumapili asubuhi Chambuso akaja akafunga taa. Majirani wakajaa uani, wale wale waliocheka. Mzee Shekiondo akaketishwa kwenye kiti, kavalishwa kanzu ya Idi. Chambuso akawasha injini, akakanyaga breki, na ukuta wa nyuma ya gari ukapata wekundu mchana kweupe. Watu wakapiga vigelegele. "Mashallah! Zinawaka, mzee! Zake zenyewe!"

Mzee akageuza uso huku na huku. "Nani? Nani amenirudishia? Niliahidi gari hili kwa aliyezirudisha. Aseme."

Hapo ndipo Chambuso aliposikia habari ya ahadi kwa mara ya kwanza. Alimtazama Zamda kwa muda, naye Zamda akatazama pembeni.

Hatibu akapiga magoti. "Ni mimi, baba mkubwa. Nisamehe. Nilizichukua mimi siku ile ya hospitali. Miaka kumi na moja nimekula nawe sinia moja. Ningenyamaza, nani angejua? Nimejivua nguo mbele ya watu wote hawa. Bila ulimi wangu zingekuwa juu ya mlango wa jiko mpaka leo. Ni mimi niliyezirudisha."

Majirani wakaguna. Kope za mzee zilicheza.

Zamda akasema, "Ni mimi, baba. Huyu alisema tu, kusema hakuleti taa. Mimi nilikwenda Korogwe, mimi nilikwenda Mombo. Siku kumi na moja nimeshonea watu mapazia kwa ajili yako, na miaka kumi na moja nimekuosha miguu. Nani mwingine alihangaika? Ni mimi niliyezirudisha."

Chambuso akazima injini, akatoka garini, akamtilia mzee ufunguo mfukoni. "Mzee, ni mimi. Walichokiokota hawa kilikuwa takataka. Hakikuwa na mwanga, hakikuwa na mpira, kilikuwa na ufa. Nimekwenda Muheza kwa baiskeli. Tazama vidole vyangu. Samahani, vishike vidole vyangu. Wao walileta masizi, mimi ndiye nimeleta taa. Ni mimi niliyezirudisha."

"Subirini," Mzee akasema. "Subirini kwanza nimsalimu mwenyewe."

Akanyanyuka. Zamda akataka kumshika mkono, akaukataa. Akaenda peke yake kwa kupapasa bodi la gari, mlango, pembeni, mpaka nyuma, na alikuwa anatabasamu, jamani, alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Akapiga magoti. Akaweka vidole kwenye taa ya kulia.

Akapapasa. Akalamba vidole, akavifuta kwenye kanzu, akapapasa tena. Akahamia taa ya kushoto. Akapapasa juu, akapapasa chini, akapapasa pembeni. Akarudi ya kulia.

"Mbona zinateleza?" akauliza.

Akageuka, mkono mmoja bado uko kwenye taa.

"Zamda. Mama yako yuko wapi?"

Zamda akasema kwa sauti ndogo, "Chambuso ameifuta namba, baba. Si mimi. Kaisugua kwa msasa."

"Nisingeifuta!" Chambuso akapiga kelele. "Wallahi ningeukata mkono wangu kwanza! Sikuambiwa, mzee! Niliona namba si ya gari lako, nikadhani ni ya wizi, nikataka kukusitiri. Huyu alikuwa anajua. Alinikabidhi akanyamaza. Kisha akaja akaziona zimefutika, akaniambia asante. Si mimi, ni yeye aliyenyamaza. Alinyamaza kwa sababu ya gari!"

"Na nani alizing'oa?" Zamda akamgeukia Hatibu. "Kama huyu asingezing'oa, zingekuwa hapa hapa mahali pake, na namba yake juu, na baba angekuwa anazipapasa kila siku. Hapakuwa na haja ya Mombo wala ya fundi. Si mimi. Ni mwizi huyu."

Hatibu akasema, "Niliiba, nimekubali. Lakini nilipoziiba zilikuwa na namba, na miaka kumi na moja moshi wa jiko haukuifuta. Nilitaka kumwambia baba mkubwa kila kitu siku ya tatu ya Idi. Dada ndiye aliyenizuia. Ningesema siku ile, mzee mwenyewe angemwambia fundi nini asiguse. Si mimi niliyemfuta mama mkubwa."

Hatibu na Chambuso, waliokuwa wamekaribia kushikana mashati, walitenganishwa na majirani. Mzee Shekiondo alikuwa bado kapiga magoti nyuma ya gari, kaweka shavu lake juu ya ile taa laini. Zamda aliuona mgongo wa baba yake ukipanda na kushuka, akajua kwamba mama yake amekufa mara ya pili, na safari hii yeye alikuwapo.

Kisha mzee akanyanyuka. Akatoa ufunguo wa gari mfukoni mwa kanzu, akauweka juu ya kiganja, akanyoosha mkono mbele yake. Hakumnyooshea mtu, kwa kuwa hakuona nani kasimama wapi.

"Nilisema gari ni la aliyenirudishia taa," akasema. "Mimi si mtu wa kula maneno yangu. Ufunguo huu hapa. Nyote watatu mlisema 'ni mimi,' nikawasikia. Nyote watatu mmesema 'si mimi,' nimewasikia. Basi anayeuchukua ufunguo huu ayaseme yote mawili kwa kinywa kimoja. Aniambie: 'Mimi ndiye niliyekurudishia taa za mkeo, na mimi ndiye niliyemfuta mkeo.' Asimtaje mwenzake. Akishasema, aliondoe gari hapa aende nalo mbali, nisije nikausikia mlio wake."

Hatibu akamtazama Chambuso. Chambuso akamtazama Zamda. Zamda akautazama ule mkono, akaiona nyumba yake, akauona uso wa baba yake, akapiga hatua moja mbele, akasimama. Wenzake nao wakapiga hatua moja mbele, wakasimama.

Mimi nawaacha papo hapo walipo. Msiniulize kilichofuata, na msinikodolee macho kana kwamba mimi ndiye niliyeshika msasa. Niambieni nyinyi, mmoja mmoja, na kila mtu atoe sababu yake: mwizi aliyesema kweli, binti aliyehangaika akaficha, na fundi aliyefufua akafuta. Je, ni nani kati yao aliyestahili ufunguo ule, na kinywa cha nani kilistahili kuyasema maneno yale?